Busta Si Dawa ya Kila Redio

Mtu apitaye barabara itokayo Segerea kwenda Kinyerezi hukutana na mambo mawili ambayo kila mpenzi wa redio yampasa kuyatazama kabla ya kufungua mkoba wake. La kwanza ni mapaa yaliyojaa madishi na antena za televisheni. La pili ni nguzo za chuma zibebazo umeme wa msongo mkubwa kutoka katika mitambo ya gesi: Kinyerezi I, iliyoanza na megawati 150, na Kinyerezi II ya megawati 240, iliyokamilika mwaka 2018. La kwanza lina somo juu ya mahali pa kuweka amplifaya ya awali. La pili lina somo juu ya wakati wa kutoiweka kabisa.

Amplifaya ya awali ni kifaa kidogo, aghalabu chenye transista moja au mbili, kiwekwacho kati ya antena na redio ili mawimbi dhaifu yakuzwe kabla ya kuingia redioni. Katika maduka ya Kariakoo huitwa busta. Matangazo ya televisheni ya mfumo wa zamani yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na ving'amuzi vikashika nafasi, jina hilo lilienea katika kila mtaa, kwani kila picha iliyoganda ilitafutiwa busta. Mazoea hayo sasa yanahamia katika vilabu vya redio za ridhaa mashuleni. Klabu yenye fedha kidogo hununua busta kwanza, kisha hufikiria antena. Huko ni kupotoka, na hasara yake si ya fedha tu: mwanafunzi hufundishwa kwamba ishara isiyosikika inahitaji nguvu zaidi, ilhali mara nyingi inahitaji kelele pungufu.

Kila redio ina kelele yake ya ndani, itokanayo na mwendo wa elektroni katika transista na rezista zake. Antena nayo huleta kelele kutoka nje. Busta haibagui: huikuza ishara, na huikuza kelele ya nje kwa kiasi kile kile. Abiria anayenong'onezwa jambo ndani ya daladala iliyojaa hawezi kusaidiwa na chombo kinachokuza mnong'ono pamoja na ngurumo ya injini. Busta huweza kushinda kelele moja tu, ile ya redio yenyewe. Swali la msingi basi ni hili: kati ya kelele ya redio na kelele ya antena, ipi kubwa?

Kelele ya nje haikuanza na viwanda. Mwaka 1933 Karl Jansky, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, alitangaza kwamba mvumo alioupokea kwenye megahezi 20.5 ulitoka katika Njia ya Maziwa, upande wa kundi la nyota la Mshale. Kitovu hicho cha galaksi hupita karibu sana na utosi wa Dar es Salaam, digrii 68 hivi juu ya upeo wa macho, na katika Juni na Julai hufika hapo karibu na usiku wa manane. Mwanafunzi wa Kinyerezi yuko mahali pazuri zaidi kuliko alipokuwa Jansky kwa kazi hiyo.

Kelele zote hizi huweza kupimwa kwa kulinganishwa na kelele ya rezista iliyo katika joto la chumba. Kwa kipimo hicho, redio nzuri ya masafa mafupi huwa na kelele ya desibeli 10 hadi 15. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu huipa kelele ya galaksi desibeli 33 hivi kwenye megahezi 7, na kelele ya makazi ya watu, yaani mota, swichi, chaja na nyaya za umeme, desibeli 49. Juu ya hizo, usiku, huja radi za bonde la Kongo na za Ziwa Victoria, ambazo sauti yake husafiri kwa kuakisiwa na tabaka za juu za angahewa. Kutia busta kwenye megahezi 7 ni kumwongezea maji aliyekwisha kuzama. Kitufe kifaacho kubonyezwa usiku katika masafa hayo ni kile cha kupunguza nguvu ya ishara, ambacho redio nyingi za ridhaa zinacho na ambacho wengi hawakigusi.

Mambo hubadilika kadiri masafa yanavyopanda. Kwenye megahezi 28 kelele ya galaksi hushuka hadi desibeli 19 hivi. Redio kongwe iliyochoka yaweza kufaidika kidogo mahali palipotulia. Kwenye megahezi 145 galaksi hubakiwa na desibeli 2 au 3 tu, na hapo ndipo hoja ya busta huanza kuwa na uzito.

Lakini hakuna haja ya kuamini tarakimu za vitabuni pale ambapo jaribio lipo. Mwalimu achukue rezista mbili za omu 100, azifunge sambamba ili apate omu 50, kisha azichomeke mahali pa antena. Kidhibiti kinachojirekebisha cha ukuzaji kizimwe, redio iwekwe katika masafa matupu yasiyo na kituo, na multimita ya shule, ikiwa upande wa volti za mkondo geu, iunganishwe na waya za spika. Volti iandikwe. Kisha rezista ziondolewe na antena irudishwe, bila kugusa kitu kingine. Iwapo volti ya kelele imepanda mara tatu au zaidi, nguvu ya kelele imepanda mara kumi hivi. Maana yake redio yenyewe inachangia sehemu moja tu ya kumi ya kelele yote. Hata kama ingepatikana busta isiyo na kelele kabisa, faida isingefika nusu desibeli, tofauti ambayo hakuna sikio liwezalo kuitambua. Kama volti haikupanda, au imepanda kwa kiasi kidogo sana, kuna mambo mawili: redio ni kiziwi, au kebo na antena vina hitilafu. Vikaguliwe hivyo viwili kwanza.

Na iwapo jaribio limeonyesha kwamba busta inahitajika, iwekwe wapi? Jibu liko juu ya mapaa ya Kinyerezi. Kile kichwa kilichoshika mkono wa dishi ni amplifaya ya awali pamoja na kibadilisha masafa, na kimewekwa huko juu kwa sababu ishara inayopita katika kebo hupungua, na kilichopotea ndani ya kebo hakirudishwi na busta iliyo mezani. Harald Friis, aliyekuwa kiongozi wa Jansky kazini, aliieleza hesabu yake mwaka 1944: hatua ya kwanza ndiyo inayoamua kelele ya mfumo mzima. Ichukuliwe kebo nyembamba ya RG-58 ya mita 20, ambayo kwenye megahezi 145 hupoteza desibeli 4 hivi, na redio yenye kelele ya desibeli 8. Jumla ni 12. Busta ya ukuzaji wa desibeli 20 na kelele ya desibeli 1, ikiwekwa mezani, huishusha jumla hiyo hadi 5. Ikiwekwa mlingotini, huishusha hadi 1.5. Kifaa ni kile kile na bei ni ile ile.

Sasa hesabu hiyo ipelekwe katika mitaa miwili. Kwenye kingo za msitu wa Pugu, ambako kelele ya nje ikikaribia ile ya galaksi peke yake, busta ya mlingotini huboresha upokeaji kwa desibeli 9 hivi. Mwanafunzi anayesikiliza Kituo cha Kimataifa cha Anga kwenye megahezi 145.800 atauona utofauti huo mara moja. Katikati ya makazi, ambako kelele ya watu hukadiriwa kuwa desibeli 13 kwenye masafa hayo, faida hubaki zaidi kidogo ya desibeli 2. Na karibu na nyaya za msongo mkubwa yaweza kuwa ndogo zaidi. Nauli ya kwenda Pugu siku ya Jumamosi, pamoja na redio na betri, hununua usikivu mwingi kuliko busta.

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Jiji limejaa vituo vya FM kati ya megahezi 88 na 108, na busta nyingi za bei nafuu hukuza kila kitu kuanzia hapo na kuendelea. Hatua ya redio inapoelemewa, vituo viwili vyenye nguvu huzaa ishara za uongo. Ishara hizo hupanda desibeli tatu kwa kila desibeli moja ya vituo vilivyozizaa. Vipokezi vidogo vichomekwavyo kwenye kompyuta, ambavyo shule nyingi huvipenda kwa bei yake, huelemewa upesi, maana vingi hugawa ishara katika ngazi 256 tu. Mwanafunzi huona skrini imejaa vilima na kudhani amevuna, kumbe amevuna magugu. Kichujio cha kuzuia masafa ya FM kitangulie busta, au visinunuliwe vyote viwili.

Watetezi wa busta wana hoja moja ya haki. Antena ndogo sana, kama pete ya waya iliyowekwa dirishani mwa chumba cha kupanga, hupokea ishara kidogo na kelele ya nje kidogo pia, kiasi kwamba kelele ya redio huzifunika zote mbili. Hapo amplifaya ni sehemu ya antena yenyewe, hata kwenye masafa mafupi, na jaribio la rezista litaonyesha hivyo.

Kwa klabu inayotaka kuanza mwaka huu, kazi nzuri ipo tayari. Setilaiti QO-100, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 2018 na kusimama juu ya ikweta kwenye longitudo digrii 25.9 Mashariki, huonekana kutoka Dar es Salaam ikiwa digrii 72 hivi juu ya upeo, upande wa magharibi kidogo kuelekea kaskazini. Mazungumzo ya wanaridhaa yanayopitia humo huteremka kwenye megahezi 10,489 na kitu, na hupokewa kwa dishi la kawaida, kichwa chake, na kipokezi cha kompyuta. Kusikiliza ni hatua ya kwanza. Anayetaka kurusha mawimbi ataomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kama ana busta mlingotini kwenye antena ya kurushia, aifungie swichi ya kuiruka wakati wa kurusha, kwani wati chache tu huiunguza transista yake kwa kufumba na kufumbua.