Walitupa Pole, Tukadhani ni Samahani



Hebu tuanze na lugha, maana hapo ndipo tunachezewa. Mtu akijikwaa njiani unamwambia pole. Hukumsukuma, huna kosa, unamhurumia tu. Lakini ukimkanyaga mguu, pole haitoshi. Hapo unasema samahani, na unautoa mguu wako juu ya wake. Mtoto wa darasa la pili anajua hiyo tofauti. Wakubwa wetu ndio wanajifanya hawaijui.

Chukua Mei 28, 2025. Kwenye hafla ya maombi ya kitaifa Nairobi, Rais Ruto aliwaomba radhi vijana: kama kuna mahali tumekosea, mtusamehe. KAMA! Tume ya haki za binadamu, KNCHR, tayari ilikuwa imehesabu watu wapatao 60 waliouawa kwenye maandamano ya 2024. Wazazi walishazika. Sasa hiyo "kama" ni ya nini?

Hapa kwetu Ndithini, ng'ombe wako akiingia shamba la jirani akala mahindi, huendi kumwambia "kama ng'ombe wangu amekula kitu, tusameheane." Utafukuzwa na mbwa. Wazee wanaenda shambani, wanaangalia mistari iliyoliwa, unaambiwa utalipa nini na lini. Baada ya hapo ndio mnapeana mkono.

Hata wiki mbili hazikuisha baada ya maombi yale, Albert Ojwang, mwalimu na bloga, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Daktari alipoupasua mwili akaona majeraha ambayo mtu hawezi kujifanyia. Juni 11, Inspekta Jenerali Douglas Kanja akasimama mbele ya Seneti akaomba radhi. Radhi ya nini? Ya ile taarifa! Ati alipewa habari zisizo sahihi na walio chini yake. Soma tena polepole. Aliomba msamaha kwa sababu ya stori ya ukuta. Roho ya mtu ikabaki pale pale, haina mwenyewe. Hiyo ndiyo hila kubwa kuliko zote: unakiri kosa dogo kwa sauti kubwa ili lile kubwa lipite kimya.

Sasa, kuna mmoja aliyesema vizuri, na yeye ndiye ananiuma zaidi. Machi 26, 2015, Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni akaomba msamaha kwa niaba yake, serikali yake na serikali zote zilizotangulia. Wagalla aliitaja kwa jina. Kama hujui Wagalla, jua leo: Februari 1984, Wajir, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, bila maji, juani, kisha wakawapiga risasi. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57. Manusura wanahesabu mamia kwa mamia. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti Mei 2013 na kumpa rais miezi 6 aombe msamaha. Alichukua 22. Sawa, tuseme tumemsamehe kuchelewa. Akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa miaka 3, wa kuwafuta machozi waathiriwa. Akaondoka Ikulu Septemba 2022, wajane wa Wagalla bado wanangoja. Maneno yalikuwa mazuri, Bunge likapiga makofi, deni likalala.

Utaniambia, ndugu, si dini yetu inatufundisha kusamehe? Inatufundisha. Lakini inatufundisha pia masharti ya toba. Imam Nawawi katika Riyadh as-Salihin anayataja: uache kosa, ujute, uazimie kutorudia. Na kosa likimhusu mja mwenzako, kuna la nne, umrudishie haki yake. Kama ni mali, mali irudi. Hakuna mahali imeandikwa kwamba hotuba inatosha. Tena anayesamehe ni aliyedhulumiwa. Mimi na wewe hatuna ruhusa ya kumsamehea mama aliyepoteza mtoto, kisha tumwambie "songa mbele."

Nje ya Kenya pia mambo ni nusu nusu. Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles alikuja Nairobi akasema ukatili wa wakoloni hauna kisingizio. Neno samahani halikutoka. Kesho yake, Rais Steinmeier wa Ujerumani akiwa Songea akakutana na kizazi cha Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani 1906, akaomba msamaha waziwazi kwa yale ya Maji Maji. Huyo alitamka, ila fidia hakuweka mezani. Uingereza kwa upande wake ilishalipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 mwaka 2013, huku ikisema "inasikitika" tu. Na ililipa kwa sababu wazee wa Mau Mau waliifuata mahakamani London. Hawakungoja moyo wa mtu ulainike.

Makampuni nayo ni vivyo hivyo. Hapo Makuyu, si mbali na sisi, watu 79 walifungua kesi London dhidi ya Camellia, kampuni mama ya Kakuzi, wakidai walinzi wa shamba waliwapiga, waliwabaka, na kijana mmoja akauawa. Oktoba 2020 magazeti ya Uingereza yakaandika, Tesco na wenzake wakaacha kununua parachichi zake. Februari 2021 Camellia ikakubali kumaliza kesi kwa hadi pauni milioni 4.6. Miezi minne tu! Mnunuzi alipoondoka, masikio yakafunguka.

Kwa hivyo ukiona taarifa yenye nembo juu na "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza" chini, usibonyeze moyo haraka. Andika pale chini: nani alifanya, alimfanyia nani, mnalipa lini. Wakifuta, piga picha ya skrini, andika tena. Na mwaka 2027 wagombea wakija kuomba kura sokoni, mmoja wenu asimame, kwa adabu, aulize zile bilioni 10 ziko wapi.