Hita Imekufa, au Njia Imezibwa?

Wageni waijuao Tabora kwa maembe, asali na vumbi la kiangazi aghalabu husahau kwamba mji huu umekaa juu ya uwanda wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwamba Juni na Julai, kipupwe kinapotanda, alfajiri yake humfanya mtu aliyelelewa katika joto la Bagamoyo alitazame bomba la maji kama atazamavyo mdai wake. Nyumba zetu hazina haja ya mitambo ya kupasha vyumba moto kama zile za Uingereza. Joto tulilolikabidhi kwa umeme ni la jikoni na la maji ya kuoga tu, na hita ya bafuni ikinyamaza, wa kwanza kuadhibiwa ni wazee na watoto wachanga.

Kipupwe kilichopita hita ya nyumbani kwangu ilinyamaza, ilhali mama yangu mzazi, ambaye umri wake haumruhusu tena kuoga maji ya baridi, alikuwa amekuja kukaa nasi. Taa zilikuwa zinawaka, redio inasema, yuniti za LUKU zimo za kutosha, na breka ya hita imesimama mahali pake. Lakini kitaa chekundu cha swichi ya bafuni kilikuwa kimezimika na maji yalikuwa kama ya mtungini. Fundi niliyemwita alifungua kifuniko cha hita, akagusa kwa testa mahali pamoja, testa ikawaka, akatoa hukumu yake papo hapo: umeme unafika, koili imekufa. Nami, kwa kuwa mtu asiyejua hana hoja, nilikwenda dukani nikanunua koili mpya.

Niliporudi nilimkuta jirani yangu, mzee aliyestaafu katika karakana ya reli, amekuja kumjulia hali mama. Baada ya shikamoo na marahaba, alitupa jicho kwenye hita iliyofunuliwa, akamwuliza fundi swali moja: "Mwanangu, testa imewaka upande mmoja au pande zote mbili?" Fundi hakuwa amejaribu upande wa pili. Akajaribu, na testa ikawaka huko pia kama ilivyowaka kwanza. "Basi koili ni nzima," akasema mzee, "kilichokatika ni waya wa kurudia. Zima mein swichi, tuifuate njia."

Maelezo aliyonipa baadaye, sote tumeketi barazani, yalikuwa ya mfano ambao mtu wa Tabora hahitaji kufasiriwa. Msafara wa zamani haukuwa kitu cha kwenda tu. Nguo, shanga na masango ya shaba vilipanda bara (maana waya ulifika huku kwetu Unyanyembe kuwa pambo la mikono na miguu zamani sana kabla haujafika kuwa njia ya umeme), pembe zikashuka pwani mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, na biashara haikuwa biashara mpaka kwenda na kurudi kote kuwe wazi. Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, katika vita vyake na Waarabu wa hapa, Stanley alikwama karibu miezi mitatu, bidhaa zake zipo, hata akalazimika kuzunguka kwa kusini ndipo afike alikokuwa Livingstone. Umeme nao una fezi ya kwendea na nyutro ya kurudia. Nyutro ikikatika, nguvu hupita ndani ya koili iliyo nzima, ikafika upande wa pili, ikasimama hapo mbele ya lango lililofungwa. Kwa hiyo testa huwaka pande zote mbili na maji hayapati moto. Lau koili ndiyo iliyokatika, testa ingaliwaka upande mmoja tu. Hata kile kitaa chekundu huzimika kwa sababu hiyo hiyo, nacho humdanganya mtu akadhani kwamba hamna umeme, kumbe umejaa pande zote na unamngoja mwenye kugusa.

Mein swichi ilipozimwa na testa kuthibitisha kwamba hamna kitu, swichi ya bafuni ilifunguliwa. Harufu ilitangulia, ile harufu kali ya plastiki iliyoungua. Kisha tukaona kichwa cha waya mweusi kimegeuka rangi ya mkaa, plastiki iliyokizunguka imevimba na kupasuka, na skrubu ya shaba iliyopaswa kukibana ikazunguka kwa vidole vitupu bila ya bisibisi. Tangu nyumba ilipojengwa skrubu ile haikuwa imekazwa sawasawa. Hita yangu ni ya wati 2,000, nayo kwa umeme wetu wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Kuyatoa maji lita 50 katika ubaridi wa nyuzi 18 na kuyafikisha 60 hula karibu yuniti mbili na nusu, kazi ya zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa saa nzima na ziada, mzigo huo ulikuwa unapita katika tundu lililolegea, na palipolegea pana ukinzani, na penye ukinzani pana moto, hata waya ukaliwa kidogo kidogo. Dawa yake ilikuwa swichi mpya ya ampea 20, kukata ncha iliyoungua, na kukaza.

Sisemi haya ili kumdhihaki fundi kijana, ambaye alikuwa na adabu na alikubali kufundishwa. Lawama yangu ni juu ya desturi yetu ya kubadilisha kabla ya kutafuta, desturi inayomfaa muuza vipuri na kishoka asiye na leseni, kwa kuwa koili mpya ni kitu cha kuonyesha na kulipwa, ilhali kuifuata njia kituo kwa kituo ni kazi isiyoonekana. Mwenye nyumba ana sehemu yake, nayo ni fupi: atazame mita, breka na swichi, breka ikiwa imeanguka airudishe mara moja tu, na ikianguka tena aiache na kumwita fundi, maana inasema kweli. Vifuniko si kazi yake. Lakini ni haki yake, na hii naona tuidai bila ya haya, kwamba afungaye umeme awe na leseni ya EWURA, amwachie mwenye nyumba mchoro wa nyaya zake, aandike juu ya kila breka inahudumia nini, na waya wa eathi uwepo kweli ardhini, si ncha iliyofichwa nyuma ya ukuta. Wenye kupangisha nyumba hapa mjini, ambao hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hawawezi kusema kwamba karatasi moja ya mchoro imewashinda.

Fundi akija kwako kipupwe hiki na kukwambia koili imekufa, kabla hujatoa fedha mwulize lile swali la mzee. Mama yangu anaoga maji ya moto kwa koili ile ile ya zamani. Ile mpya ingali kabatini, ndani ya boksi lake, pamoja na risiti.