Amekimbia ukeketaji, sasa anaomba mkopo wa chuo

Mzazi, kila msimu wa ukeketaji unapofika, mwezi Desemba, wapo mabinti wa Tarime na Serengeti wanaokimbilia nyumba salama, kama zile za Masanga na Mugumu. Wengine hawapokelewi tena kwao. Wanasoma wakiwa huko mpaka wanamaliza sekondari.

Kisha inakuja fomu ya Bodi ya Mikopo. Yatima huambatisha cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Huyu ataambatisha nini? Baba yupo, mama yupo, ng'ombe wapo. Kwenye karatasi ana kwao, ila mlango umefungwa, na hakuna cheti cha mtoto aliyekataliwa na wazazi walio hai.

Kinachomsaidia ni barua. Bodi humtambua mwombaji aliyelipiwa ada ya sekondari na mfadhili, mradi aje na barua ya mfadhili huyo. Aiombe mapema, kabla ya msimamizi anayemfahamu kuhama. Afike pia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, maana kumbukumbu za shauri lake ziko kule.

Cheti cha kuzaliwa ni kazi nyingine. Aliyetoroka usiku hakubeba kadi ya kliniki, na bila kadi au cheti cha ubatizo, kujiandikisha ukubwani ni mzunguko mrefu. Mama, hata kama bado una hasira naye, mpelekee kadi yake.

Nanyi mashangazi na wajomba, fomu inataka mdhamini mwenye kitambulisho. Msisubiri kikao cha ukoo, dirisha la maombi hufungwa.