Marekani: Kwa nini ukoo hudai karatasi?

Tarehe 4 Julai 2026 ni miaka 250 tangu Marekani ilipotangaza uhuru kutoka kwa Uingereza. Je, raia wa leo anathibitishaje kwamba wahenga wake walikuwepo?

Wengi hupitia vyama vya ukoo. Kinachojulikana zaidi ni Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1890. Hupokea wanawake waliotokana na mtu aliyepigania au kuusaidia uhuru huo.

Masimulizi ya bibi peke yake hayatoshi. Kila kizazi lazima kiunganishwe na kilichotangulia kwa maandishi: vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo, wosia au sensa.

Hapo ndipo wazao wa watumwa wanapokwama. Maelfu ya watu Weusi walipigana upande wa wapigania uhuru. Lakini sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri na jinsia, chini ya jina la bwana wao. Kwa kawaida majina yao hayakuandikwa. Majina yalianza kuonekana katika sensa ya 1870, baada ya utumwa kufutwa.

Mwanachama Mweusi wa kwanza anayejulikana, Karen Batchelor, alikubaliwa mwaka 1977, tena kupitia babu mzungu.

Mwaka 2008 chama hicho kilichapisha kitabu chenye majina ya maelfu ya Weusi na wenyeji asilia walioshiriki vita. Mashujaa hao sasa wanatambuliwa. Kazi iliyobaki kwa wajukuu wao ni kuvuka pengo lile la kabla ya 1870.