Milima ya Nakuru Si ya Wenye Magari Peke Yao

Wasomaji wangu wa pwani watanicheka nikiwaambia kwamba nimeukanyaga mlima kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Chuoni, nikiwa mtoto wa miaka sita, nilihifadhi Juzuu Amma, na humo nikasoma kwamba milima imefanywa kuwa vigingi vya ardhi. Kigingi nilikijua vyema, kwani mbuzi wa mwalimu alikuwa akifungwa kwenye kigingi mbele ya baraza. Mlima sikuujua. Kwetu sisi vilivyoinuka kuliko vyote vilikuwa minazi na mnara wa msikiti.

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye ni karani mjini Nakuru, alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Njoo utembee huku kwetu." Nikamwitikia marahaba, nikafunga mkoba. Nilidhani kutembea ni kule tukujuako: kwenda nyumbani kwa watu, kunywa kahawa chungu kwa tende, kuulizana habari za wagonjwa na kurudi. Kumbe kijana alikuwa na maana ya kutembea kwa miguu, tena kwa kupanda!

Nililala ndani ya basi kutoka Mombasa hadi Nairobi, na asubuhi nikapanda matatu ya Nakuru, safari ya kilomita 160 hivi. Mji ule, uliopewa hadhi ya jiji mwezi Disemba mwaka 2021, umekaa juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,850 au zaidi kidogo. Mtu wa pwani huzijua mita hizo kwa kifua chake. Nilipanda ngazi za nyumba ya mpwa wangu, orofa ya pili tu, nikaketi kupumua kama niliyebeba gunia la mchele.

Siku ya pili tukaenda Menengai. Gari za abiria haziendi hadi ukingoni. Zinakuacha mjini chini, na zilizobaki ni kilomita nane hivi, kupitia mtaa wa Milimani na msitu wa mikalitusi. Vijana wa bodaboda walitung'ang'ania, nasi tukakataa. Njiani walitupita akina mama wawili wenye mizigo ya kuni migongoni. Umri wao haukupungua wangu. Walitusalimu na kutuacha, na mpwa wangu, kwa adabu, akajifanya hakuona.

Ama kwa hakika sikuwa nimetayarishwa kwa nilichokiona juu. Nilitazamia kilele, nikakuta shimo. Mlima ule ulilipuka na kudidimia zamani za kale, ukaacha bakuli lenye urefu wa kilomita kumi na mbili na upana wa kilomita nane, na ndani yake mawe meusi yaliyoganda, vichaka, na mvuke unaofuka hapa na pale. Tangu mwaka 2011 wanachimba visima humo kuutafuta mvuke huo kwa ajili ya umeme. Wamaasai wana masimulizi mazito kuhusu mahali hapa, kwamba katika vita vyao vya karne ya 19, Ilpurko waliwashinda Ilaikipiak na kuwatupa mashujaa wao shimoni.

Adhuhuri ilitukuta pale. Maji tuliyokuwa nayo yalikuwa ya kunywa tu, basi tukatayamamu. Mpwa wangu akatafuta kibla kwa simu yake: kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Nasi tulikuwa ukingo wa kusini. Kwa hiyo nilisali kwa kupunguza, sala ya msafiri, shimo lote likiwa mbele ya uso wangu. Nimesali misikiti mingi yenye nakshi, lakini sikumbuki siku nyingine niliyosujudu huku nikijihisi mdogo kiasi kile. Baada ya sala nilijaribu kutunga shairi, kina cha "ngai" kikanishinda.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Kwetu pwani pana fikra kwamba kupanda milima ni mchezo wa Wazungu na wa watoto wa matajiri wa Nairobi, wenye viatu vya bei na magari ya kuwapeleka mpaka mlangoni. Fikra hiyo ni ya jana tu. Njia za Bonde la Ufa zilijulikana pwani kabla hazijachorwa kwenye ramani za Ulaya. Mwaka 1870 jarida la jumuiya ya wanajiografia wa London lilichapisha maelezo ya njia za misafara ya bara, yaliyopelekwa na mmisionari Thomas Wakefield, na Wakefield mwenyewe alikiri kwamba sehemu kubwa aliipata kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi. Joseph Thomson alipovuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na kufika Naivasha, alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta wa Pangani, na mizigo yake ilikuwa juu ya vichwa vya watu wa Unguja na mrima. Thomson akarudi kwao, akaandika kitabu, na swala mmoja akapewa jina lake. Wachukuzi walipewa ujira wao tu. Sisemi kwamba yote yaliyofanywa na misafara ile ya pembe ni ya kujivunia, la hasha. Nasema tu kwamba miguu ya babu zetu ilifika huku, nasi tumekuja kujidhania kuwa ni watu wa barazani.

Tena Kurani imetuhimiza zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi na tutazame yaliyowapata waliotangulia. Haikutaja gari.

Naye asiye na gari, hapo Nakuru, ana mengi ya kuyaendea kwa nauli ndogo. Panda matatu ya barabara kuu ya Nairobi, ushuke baada ya kilomita nne tu, utakuta kilima cha pimbi, Hyrax Hill, alipochimba Mary Leakey kuanzia mwaka 1937. Nendeni, enyi wacheza bao wa Lamu na Mombasa! Juu ya jiwe pale pamechongwa mashimo ya bao, nami niliyatia vidole vyangu yote, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Ukiendelea na njia hiyo hiyo kuelekea Gilgil utafika Kariandusi, penye vishoka vya mawe vya watu wa kale mno, na ng'ambo ya barabara ni ziwa Elementaita na kile kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali. Wamaasai humwona mle moran aliyelala. Walowezi wao waliona pua ya Lord Delamere. Kila mtu huona jamaa zake.

Longonot ni safari ya siku nzima. Utafika Naivasha, utabadilisha gari ya kwenda Mai Mahiu, utashuka Longonot na kutembea hadi langoni. Kilele chake ni mita 2,776, na kuuzunguka mdomo wake tu ni kilomita saba na ushei. Hifadhi ya Hell's Gate nayo waingia kwa miguu au kwa baiskeli, ingawa jina lake ni mlango wa Jahanamu, audhubillahi. Korongo lake ni zuri lakini lisichezewe: mafuriko ya ghafla yaliua watu saba mwaka 2012, na saba tena mwaka 2019. Mawingu yakitanda, hata kwa mbali, kaa nje.

Katika matembezi yangu lango moja, ambalo silitaji, lilinikera. Mlinzi aliniangalia, akaangalia nyuma yangu, akauliza, "Gari yako iko wapi, mzee?" Nikamwambia nimekuja na matatu, kilichobaki nimetembea. Akasema, "Sasa utatembea tena?" Hakuwa na ufidhuli. Aliona ajabu tu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ameshazoea kwamba mwenye haki ya kutazama nchi ni yule aliyekuja akiwa amekaa.

Serikali ya kaunti imeng'arisha jina la utalii kila mahali. Vizuri. Lakini kwenye steji sikuona hata kibao kimoja cha kumwambia mgeni apande gari gani aende Menengai, ashukie wapi, na njia ya miguu inaanzia wapi. Rangi na ubao vinagharimu nini? Na je, haiwezekani Jumamosi na Jumapili gari moja au mbili za abiria zikaruhusiwa na kutakiwa kufika ukingoni kwa nauli inayojulikana? Wenye nyumba za chini ya mlima ule wana watoto ambao hawajawahi kulichungulia shimo lililo juu ya vichwa vyao. Mpwa wangu alikaa Nakuru miaka mitatu kabla ya kupanda.

Nao walimu wetu wa madrasa, ambao kila mwaka huwapeleka watoto ufukweni waliouona tangu kuzaliwa, wangeweza mwaka mmoja kukodi basi. Ukingoni siku ile walikuwapo mabinti wa Nakuru, wamevaa hijabu na viatu vya raba, wakila viazi karai na kucheka. Hakuna aliyewaambia kwamba mahali pale si pao.

Tuliteremka kabla ya alasiri, kama tulivyoshauriwa, kwani jioni msituni si pa kutembea watu wawili. Magoti yangu yalikuwa yakitetemeka kama ya mtoto anayesomeshwa mbele ya mwalimu mkali. Kwenye steji nilimwita kijana mmoja makanga, nikamuuliza gari ya kwanza ya Naivasha asubuhi hutoka saa ngapi.

"Ikijaa, mzee," akanijibu.