Msiwafunge Watoto Vitambaa Machoni

Kila zinapokaribia Krismasi na Idi, makao ya watoto hapa Mwanza hupokea wageni wengi. Wanakuja na mchele, mafuta na sabuni, nasi tunashukuru kwa dhati. Siku hizi wanakuja pia na michezo ya kujenga ushirikiano, ile ile wanayochezeshwa wafanyakazi kwenye semina: kuvuta kamba, kukimbia wawili mkiwa mmefungwa mguu kwa mguu, kujiangusha kinyumenyume ili wenzako wakudake. Mimi ni mlezi katika mojawapo ya makao hayo, na nasema wazi kwamba baadhi ya michezo hiyo inawaumiza watoto wetu.

Kampuni moja ilituletea mchezo wa kufunga vitambaa machoni. Mtoto anapita katikati ya viti akifuata sauti ya mwenzake. Tulikuwa na mvulana wa miaka minane ambaye kwao alizoea kufungiwa gizani. Kitambaa kilipomgusa usoni alipiga ukelele, akajikojolea mbele ya wenzake. Mwezeshaji, kijana mpole ambaye hakuna aliyemweleza lolote, alimhimiza amwamini mwenzake. Jioni gari la wageni liliondoka. Mtoto yule aliendelea kukataa taa kuzimwa, na aliyekaa naye usiku ni mlezi wa zamu.

Mtoto aliyeumizwa na mtu mzima haamini watu kwa kuhimizwa. Huanza kuamini anapoona mtu yuleyule amerudi Jumamosi hii, na ijayo, na ile inayofuata, kwa saa ileile. Mgeni wa siku moja hawezi kumpa hilo, hata akija na moyo safi kiasi gani.

Tena watoto wana michezo yao. Tazameni kombolela, mchezo wa kujificha. Waliokamatwa wanasimama pembeni wakisubiri, na mmoja aliyebaki mafichoni akiwahi kulipiga kopo, wote wanakuwa huru. Nimemwona msichana mgeni, asiyezungumza na yeyote tangu aletwe na afisa ustawi wa jamii, akitoka mbio nyuma ya tangi la maji kwenda kuwakomboa wenzake, nao wakimshangilia kwa jina. Hakuna aliyemlazimisha. Alijificha mpaka alipokuwa tayari, akatoka mwenyewe. Kwenye rede pia, wasichana wanapanga wenyewe nani aingie kati kujaza chupa mchanga huku akikwepa mpira, na wanagombana, na wanapatana bila sisi kuingilia. Kazi ya mlezi hapo ni kukaa karibu na kutazama, hasa wale wanaosimama kando.

Wako wanaoona kwamba michezo ni anasa wakati chakula chenyewe hakitoshi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haioni hivyo: inaitaja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, tiba na elimu.

Na mchezo unaolelewa kwa muda huzaa matunda. Mwaka 2010, kwenye Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani huko Durban, timu ya Tanzania ilifungwa na India katika fainali. Mwaka 2014, Rio de Janeiro, Tanzania ilitwaa kombe kwa kuifunga Burundi 3-1. Timu ya namna hiyo haitengenezwi kwa bonanza la siku moja. Inahitaji kocha anayejua nani hakulala vizuri jana, nani ana kaka yake katika timu ya pili na hachezi vizuri asipomwona.

Kwa hiyo ninayo maombi. Kampuni inayotaka kutusaidia impe posho kocha mmoja wa mtaani kwa mwaka mzima, aliyechunguzwa na ustawi wa jamii, na ituachie mipira badala ya fulana zenye nembo. Michezo ifanyike kwenye uwanja wa mtaa, watoto wetu wachanganywe na wa majirani katika timu moja, maana siku wakitoka hapa watakwenda kuishi na hao. Asiyetaka kucheza aachwe akae. Picha za nyuso zao zisipigwe. Na kabla ya mwezeshaji yeyote kuwagusa watoto, akae kwanza na walezi, atuulize mchezo upi usichezwe na kwa nini. Tutamjibu bila kumtajia mtoto yeyote jina.