Kitanda Kipimwe na Wanaokilalia

Nchini Kenya, ubora wa shule ya upili hupimwa kwa kipimo kimoja kikuu: alama ya wastani katika mtihani wa kitaifa. Matokeo yanapotangazwa, walimu wakuu hubebwa juu juu kwa nyimbo na vigelegele, nao wazazi huanza kuzigombea nafasi katika shule zilizotia fora. Aghalabu hakuna anayeuliza wanafunzi wa shule hizo hulala vipi, hutendewaje na wakubwa wao, au iwapo mwalimu wa hapo angependa mwanawe asomee papo hapo.

Upungufu wa kipimo hiki umelipiwa kwa roho za watoto. Mwaka 1998, wasichana 26 waliteketea katika bweni la Bombolulu, Kwale. Machi 2001, wavulana 67 walifia Kyanguli, Machakos. Septemba 2024, watoto 21 waliangamia katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Chanzo cha mikasa hii si kimoja. Hata hivyo, kule Kyanguli mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma, na hilo halikuwa siri kwa wavulana waliolala humo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alama ya wastani haiwezi kuwahesabu kunguni hao. Anayeweza ni mlalaji, endapo ataulizwa.

Wapo wanaoshikilia kwamba wanafunzi wanaulizwa tayari. Ni kweli kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inatambua chama cha wazazi na kumpa mwakilishi wa wanafunzi kiti katika bodi ya shule. Lakini mwanafunzi mmoja mbele ya mwalimu mkuu na wazee wa bodi atathubutu kusema nini? Hojaji isiyoandikwa jina, inayojazwa na wanafunzi, walimu na wazazi kila muhula, ingesema mengi zaidi.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mzazi asiyekimudu Kiingereza hawezi kujaza hojaji ya Kiingereza, atamwachia mwanawe amjazie. Fauka ya hayo, kuitafsiri tu hojaji hiyo hakutoshi. Adabu ya Mswahili humtaka anayeulizwa hali ajibu kwanza kwamba ni njema, hata akiwa mgonjwa. Shida hufuata baadaye, baada ya neno "lakini". Mzazi akiulizwa, "Je, umeridhika na shule?" atajibu kwamba anashukuru. Jibu hilo ni la heshima, wala si kipimo. Aulizwe badala yake: Mara ya mwisho ulipoitwa shuleni, uliitiwa nini? Mwanafunzi aulizwe: Je, mlango wa bweni hufungwa kwa nje usiku? Juma lililopita ulipigwa, na nani? Mwalimu naye: Ukiona kosa la mkubwa wako, unaweza kulisema bila kuhofia uhamisho?

Majibu ya makundi haya matatu yawekwe bega kwa bega, maana penye tofauti ndipo penye habari. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Walimu wakiandika kwamba havipo, na wanafunzi wakaandika kwamba vipo, shule hiyo imekwisha kujipima. Kisha matokeo yasomwe hadharani mbele ya wote waliojibu, pamoja na hatua zitakazochukuliwa. Anayeulizwa bila kujibiwa hunyamaza mara ya pili, na kimya cha bweni si dalili ya amani.

Kazi ya kuyatunga maswali hayo si ya wanatakwimu peke yao. Vyuo vikuu vina wanafunzi wa isimujamii wanaojifunza jinsi adabu inavyoficha maana, na wengi wao watakuwa walimu wa shule hizo hizo. Wasipoifanya wao kazi hiyo, hojaji zitaendelea kuuliza habari, na shule zitaendelea kujibu: njema.